Siku Moja Padova: Kuutembea Mji wa Giotto kwa Kufuata Njia ya Riba

Wakatoliki wengi wa kwetu wanalijua jina la mji huu kabla hawajajua uko wapi. Ufunguo ukipotea, bibi anamwita Mtakatifu Antoni wa Padua. Jumuiya ndogondogo zina jina lake, na ikifika tarehe 13 Juni kuna misa na sherehe. Ila Padova yenyewe, kama Waitaliano wanavyoiandika, wageni wengi huipita wakiwa ndani ya treni. Wanaiona stesheni kwa dakika tatu, kisha hao, Venezia.

Mimi nimeutembea mji huu mara tatu, na mara ya tatu ndipo nilipong'amua kwamba vitu vyake vikubwa karibu vyote vinazungumzia jambo moja: pesa ya mkopo. Kuna kikanisa kilichojengwa na mtoto wa mla riba, kile cha Scrovegni ambacho kuta zake zilichorwa na Giotto, jiwe walilokalishwa walioshindwa kulipa, na kaburi la mtawa aliyewatetea wadaiwa. Ukiufuata uzi huo, siku yako inakuwa na kichwa na miguu, badala ya kuwa mbio za kutoka mchoro mmoja hadi mwingine. Njia nzima kwa miguu, kutoka stesheni hadi uwanja wa mwisho, ni kama kilomita tatu. Mzee anaiweza, mtoto anaiweza.

Kabla ya siku yenyewe

La kwanza, na usilifanyie mzaha: Kikanisa cha Scrovegni hakiingiwi kwa kufika tu. Tiketi inanunuliwa mtandaoni mapema, ina tarehe na saa, na kila kundi halizidi watu 25. Msimu wa joto na wikiendi nafasi hujaa siku nyingi kabla. Kwa hiyo nunua tiketi ya kikanisa kwanza, halafu ndipo upange treni na hoteli kuizunguka. Kuna pia kadi iitwayo Urbs Picta, ya saa 48 au 72, inayokufungulia majengo manane yenye michoro ya karne ya 14. Michoro hiyo iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2021. Kama unalala mjini, kadi hiyo inalipa. Kama ni siku moja tu, piga hesabu kwanza. Na hata ukiwa nayo, nafasi ya Scrovegni lazima uiweke.

Sasa kuhusu saa. Tiketi ikiandikwa 11:00, hiyo ni saa tano yetu. Unaona ni jambo dogo, lakini lilinigharimu. Nilimwambia binamu yangu aliyezaliwa Ujerumani, "Tukutane mlangoni saa tano." Kiswahili chake ni cha jikoni kwa mama. Akasikia tano, akaelewa saa kumi na moja jioni, na alipopokea simu yangu alikuwa bado kitandani Verona. Tiketi yake ikapotea, kwa sababu kundi likishaingia mlango haufunguliwi tena. Mkikutana na ndugu waliokulia Ulaya, andikianeni saa kwa tarakimu.

Siku gani? Epuka Jumatatu ukiweza. Kikanisa hufunguliwa siku hiyo, lakini jumba la makumbusho la jirani na ukumbi wa Palazzo della Ragione hufungwa. Jumamosi ina soko kubwa Prato della Valle na watu wengi. Jumanne hadi Ijumaa ndizo siku za starehe. Tarehe 13 Juni ni habari nyingine kabisa: mji unajaa mahujaji, na kama hukuja kwa ajili ya hija yenyewe, chagua siku nyingine.

Mavazi: viatu vya kutembelea, maana mitaa ya zamani imetandikwa mawe, na kitu cha kufunika mabega na magoti kwa ajili ya basilika. Kanga moja ndani ya mkoba inamaliza kazi hiyo, na jioni inakuwa shali. Beba darubini ndogo kama unayo, utanishukuru mchana. Begi kubwa liache hotelini, kwa kuwa kwenye kikanisa hata mkoba wa mgongoni unakabidhiwa mapokezi.

Asubuhi: kutoka stesheni

Padova iko kilomita 40 hivi magharibi ya Venezia, na treni ya mkoa ya haraka hutumia karibu nusu saa kwa nauli ya euro chache. Huna haja ya treni za mwendo kasi, zinakula pesa na kukuokolea dakika kidogo sana. Ukinunua tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa, igonge muhuri kwenye kimashine kilichopo karibu na reli kabla hujapanda. Isiyogongwa inahesabika kama hukulipa, na mkaguzi hana muda wa kusikiliza kwamba wewe ni mgeni.

Ukitoka stesheni nyoosha moja kwa moja kwa barabara ya Corso del Popolo, vuka mfereji, na ndani ya dakika kumi utaona bustani upande wa kushoto. Hapo palikuwa na uwanja wa michezo wa Warumi, ndiyo maana pakaitwa Arena. Kuna tramu pia, ya ajabu kidogo, inatembea kwa matairi ya mpira huku ikiongozwa na reli moja katikati. Iache miguu ikichoka jioni.

Panga kufika nusu saa kabla ya muda wako. Tumia muda huo kumalizana na tiketi, mizigo na choo.

Scrovegni: dakika 15 na namna ya kuzitumia

Nje ni jengo la matofali tu, dogo, halina mbwembwe. Ukipita ungedhani ni ghala.

Mwaka 1300 tajiri Enrico Scrovegni alinunua eneo hili, akajenga jumba lake na kikanisa pembeni. Baba yake, Reginaldo, alikuwa mkopeshaji wa riba mwenye jina baya kiasi kwamba mshairi Dante alimweka motoni, ameketi na mfuko wa pesa shingoni wenye alama ya nguruwe jike wa bluu, nembo ya ukoo wao. Msomaji Mwislamu hahitaji kuelezwa riba ni nini, na Kanisa la karne zile lilikuwa na msimamo uleule: kula riba ni dhambi. Leo Tanzania tungeita mikopo ya kausha damu. Inasimuliwa tangu zamani kwamba Enrico alijenga ili kulipia dhambi za baba. Majirani zake, watawa wa Eremitani, hawakuvutiwa: Januari 1305 waliandika malalamiko kwamba anajenga kwa fahari na kujionyesha. Huenda masimulizi hayo na malalamiko hayo yote mawili yana ukweli. Kikanisa kikatabarukiwa tarehe 25 Machi 1305, na kuta zake alikuwa amezichora Giotto kutoka Firenze, kwa muda wa miaka miwili hivi.

Kwanza mtakalishwa kama dakika 15 kwenye chumba cha vioo, mkitazama video, huku hewa ikisafishwa vumbi na unyevu mliokuja nao. Usikereke. Pumzi na jasho la watu ndio maadui wakubwa wa michoro hii. Halafu mlango unafunguka na saa inaanza kuhesabu. Mara nyingi mnapewa dakika 15, kwa hiyo ingia ukiwa na mpango. Huu ni wangu.

Dakika mbili za mwanzo usitazame mchoro wowote. Simama katikati, inua kichwa. Dari ni bluu yenye nyota za dhahabu, na bluu hiyo inashuka mpaka kwenye kuta hadi unahisi umesimama ndani ya usiku wa kiangazi.

Dakika nne zinazofuata, ugeukie mbele palipo altare, kisha utazame ukuta wa kulia, wenye madirisha. Hadithi inaanzia juu, pembeni kabisa karibu na altare: Yoakimu, babu yake Yesu kwa mapokeo, anafukuzwa hekaluni kwa kukosa mtoto. Kutoka hapo inazunguka kuta zote mbili kama gamba la konokono, ikishuka safu kwa safu. Huwezi kuisoma yote. Shika safu ya kati, tafuta Mamajusi. Nyota ya Bethlehemu pale ni mpira wa moto wenye mkia. Nyota mkia ya Halley ilionekana angani mwaka 1301, na wengi wanaamini Giotto aliiona, kiasi kwamba chombo cha anga cha Ulaya kilichoikaribia mwaka 1986 kilipewa jina lake. Aliyezoea ngamia wa ufukweni Mombasa au wa Garissa atacheka kidogo hapo: ngamia wa Giotto ana macho ya bluu.

Shuka safu ya chini, ukuta huohuo, katikati: Busu la Yuda. Hapa ndipo ninapoganda kila nikija. Mienge na marungu yamejaa angani, watu wanasukumana, lakini katikati kuna kimya. Yuda amemfunika Yesu mzima kwa joho lake la njano, kama mtu anayemkumbatia ndugu uwanja wa ndege. Nyuso mbili zinatazamana, pua kwa pua. Yesu anamwangalia machoni moja kwa moja. Hakasiriki. Anajua. Kabla ya Giotto, wachoraji wengi wa Italia walikuwa wakichora watakatifu kama alama juu ya dhahabu. Huyu alichora watu wenye uzito, ambao wakikaa kitako unaona wamekaa.

Dakika tatu upande wa pili, safu ya chini: Maombolezo juu ya mwili wa Yesu. Angalia wanawake wawili waliokaa wakikupa mgongo. Huoni nyuso zao kabisa, na bado unajua wanalia. Aliyekaa msibani sakafuni kwenye mkeka anaijua migongo ile. Juu yao malaika wanapiga mayowe, mmoja anavuta nguo yake kifuani, na kila mmoja analia kivyake.

Zilizobaki, zipe pesa. Juu ya Maombolezo, safu ya kati, mwisho kabisa karibu na altare, Yesu anawafukuza wafanyabiashara hekaluni, na jirani yake, kwenye ukuta wa tao, Yuda anapokea mfuko wa fedha huku shetani mweusi kamshika bega. Sasa tazama chini kabisa kwenye kuta, michoro ya rangi ya kijivu iliyoiga sanamu za mawe. Kulia ni fadhila saba, kushoto maovu saba, zikitazamana. Ya pili kutoka ukuta wa nyuma ni Upendo, mwanamke aliyekanyaga mifuko ya pesa. Mkabala naye ni Wivu: ameshika mfuko wake kwa nguvu, moto unamuunguza miguu, na nyoka anatoka mdomoni mwake kisha anageuka kumuuma machoni. Geuka nyuma: ukuta mzima ni Hukumu ya Mwisho. Upande wa motoni wala riba wamenyongwa kwa kamba za mifuko yao wenyewe, na katikati chini, karibu na msalaba, Enrico Scrovegni amepiga magoti akimkabidhi Bikira Maria kikanisa kidogo mfano wa hiki ulichosimama ndani yake. Amejiweka upande wa wateule, bila shaka. Mwenye kulipa fundi ndiye anayechagua pa kukaa.

Kengele italia. Mtatolewa.

Neno moja la ufundi, ili macho yako yaone zaidi. Fresko ni kuchora juu ya lipu ya chokaa ambayo bado mbichi. Fundi anapaka lipu kiasi tu kitakachomalizika siku hiyo, mchoraji anakimbizana nayo, na chokaa ikikauka rangi inakuwa sehemu ya ukuta. Ukiangalia kwa makini utaona mishono kati ya kazi ya siku moja na ya siku nyingine. Ila rangi ya bluu iliwekwa juu ya lipu iliyokwisha kukauka, ndiyo maana baadhi ya majoho ya bluu yamebanduka wakati nyekundu na njano za jirani bado zinawaka.

Jirani, kwa haraka

Tiketi yako inaingiza pia jumba la makumbusho la Eremitani. Usilimalize. Nenda moja kwa moja kwenye msalaba wa mbao aliouchora Giotto kwa ajili ya kikanisa, uutazame kwa utulivu ambao dakika 15 hazikukupa, kisha toka.

Kanisa la Eremitani liko hapohapo, na ndani yake, kulia kwa altare, kuna kitu cha kuhuzunisha. Kikanisa cha Ovetari kilichorwa na Mantegna akiwa kijana, katikati ya karne ya 15. Tarehe 11 Machi 1944 mabomu ya ndege za Washirika yalikipiga, michoro ikawa kifusi. Watu wakaokota vipande zaidi ya 80,000, wakavitia kwenye makreti, na miongo kadhaa baadaye kompyuta ikasaidia kutafuta kila kimoja kilikaa wapi. Unachokiona leo ni picha za kale zilizopigwa kwa kamera, za rangi ya kijivu, zenye visiwa vya rangi halisi vilivyorudishwa. Dakika kumi zinatosha.

Mchana: sokoni, na jiwe la wadaiwa

Tembea kuelekea katikati ya mji kwa kupita chini ya vibaraza. Padova ina kilomita nyingi za vibaraza vyenye matao, kwa hiyo mvua ikinyesha au jua likichoma hupati shida. Dakika kumi utafika kwenye viwanja viwili vya soko, Piazza delle Erbe na Piazza della Frutta, na katikati yake jengo kubwa lenye paa kama jahazi lililopinduliwa. Hilo ni Palazzo della Ragione, lililoanza kujengwa 1218 kuwa mahakama ya mji, na wenyeji wanaliita Salone tu.

Kula kwanza. Chini ya jengo kuna maduka ya jibini, nyama, samaki na mikate, yamekaa mstari mmoja kwa karne nyingi. Nunua mkate, jibini la Asiago na matunda nje sokoni, mkakae. Asiyekula nguruwe aulize kabla ya kuagiza chochote chenye nyama ndani ya mkate, neno ni *maiale*. Na kuna la pili la kuuliza: *cavallo*. Watu wa Padova wanakula farasi, hasa nyama iliyokaushwa na kuchambuliwa nyuzinyuzi, na muuzaji atakuwekea bila kudhani kuna mtu atashtuka. Soko la nje huanza kufungasha baada ya saa saba, kwa hiyo usizembee.

Kabla hujapanda juu, tafuta pembe ya jengo yenye upenyo wa tao uitwao Volto della Corda. Ukutani kumechongwa vipimo vya zamani: urefu wa kitambaa, ukubwa wa tofali, ujazo wa nafaka. Ukimshuku muuzaji kwamba pishi lake limepungua, unamleta hapa mnapimana mbele za watu. Wenyeji wanapaita Pembe ya Waongo, na *corda* ni kamba: walaghai waliokamatwa walitandikwa viboko hapa. Weka mkono kwenye mawe yale, yamelainika kwa kuguswa.

Juu, ukumbi ni mmoja tu, urefu wa mita 81 na upana wa mita 27, hauna nguzo hata moja katikati. Kuta zimezungukwa na mamia ya michoro ya nyota, miezi na kazi za watu. Giotto alichora humu pia, lakini moto wa 1420 ukaimaliza kazi yake, ikachorwa upya na wengine. Farasi mkubwa wa mbao utamwona mwenyewe, ni wa 1466, alitengenezwa kwa ajili ya sherehe.

Nenda kwenye pembe ukatafute kitu ambacho wengi wanakipita: jiwe jeusi kama kigoda. Hili ndilo Jiwe la Aibu. Mdaiwa aliyeshindwa kulipa aliletwa mbele ya umati, akavuliwa hadi nguo ya ndani, akapigishwa makalio juu ya jiwe mara tatu huku akisema kwa Kilatini *cedo bonis*, naachia mali zangu. Kisha alifukuzwa mjini, na akithubutu kurudi, anakalishwa tena na kumwagiwa ndoo tatu za maji kichwani. Kwetu tunasema kukopa harusi, kulipa matanga, na hapa matanga yalikuwa na kiti chake. Mpaka leo Mwitaliano aliyefilisika husema amebaki na chupi ya turubai.

Lakini ngoja, jiwe hili lilikuwa huruma. Kabla yake mdaiwa alioza gerezani. Machi 1231 mji wa Padova ulibadilisha sheria ili asiye na kitu aachie mali yake na aondoke akiwa huru, na sheria hiyo inasema wazi ilipitishwa kwa maombi ya mtawa mmoja Mfransisko, ndugu Antoni. Miezi mitatu baadaye alifariki. Tunaelekea kwake.

Kahawa, na tawi la njia kwa mwenye muda

Dakika chache kutoka hapo kuna Caffè Pedrocchi, mkahawa wa 1831 wenye vyumba vyeupe, vyekundu na vya kijani. Hadi mwaka 1916 haukuwa ukifungwa usiku wala mchana. Chumba cha kijani kina desturi yake: mtu aliweza kukaa, kusoma gazeti na kuota joto bila kununua kitu, na wanafunzi maskini wakakifanya nyumbani. Ukiagiza, chukua kahawa yao yenye povu la mnanaa na unga wa kakao juu, na usiikoroge. Kusimama kaunta ni bei nafuu kuliko kukaa mezani. Ndivyo ilivyo Italia nzima.

Ng'ambo ya barabara ni Palazzo Bo, makao ya chuo kikuu kilichoanza 1222. Galileo alifundisha Padova kuanzia 1592 hadi 1610. Ndani kuna ukumbi wa upasuaji wa mwaka 1595, wa mbao, duara juu ya duara kama faneli, ambamo wanafunzi walisimama wakitazama maiti ikipasuliwa chini kabisa. Utaiona pia sanamu ya Elena Cornaro Piscopia, aliyetunukiwa udaktari wa falsafa hapa mwaka 1678, mwanamke wa kwanza kufika hapo. Kuingia ni kwa kuongozwa tu na kwa kuweka nafasi. Ukiwa na saa moja ya ziada, chagua kati ya hapa na chumba cha ubatizo cha kanisa kuu, ambacho Giusto de' Menabuoi alikichora miaka ya 1370 kwa gharama za Fina Buzzaccarini, mke wa mtawala wa mji. Ningekuwa mimi, ningekwenda kwa Giusto. Kuba lake limejaa watakatifu walioketi duara kwa duara kama watu waliojaa uwanja wa mpira, na Kristo katikati.

Alasiri: kwa Mtakatifu

Wenyeji hawasemi Basilika ya Mtakatifu Antoni. Wanasema *il Santo*, Mtakatifu, yatosha. Ukikaribia utaona makuba manane na minara myembamba inayokumbusha misikiti ya Istanbul. Kiwanja kilicho mbele ndicho Donatello alichokitengenezea sanamu ya shaba ya jemadari wa kukodiwa, Gattamelata, juu ya farasi, iliyosimikwa 1453. Kuingia ni bure. Zima kamera.

Antoni alizaliwa Lisbon mwaka 1195, akafa nje kidogo ya Padova tarehe 13 Juni 1231, na haukutimia mwaka akatangazwa mtakatifu. Kaburi lake liko kushoto, katika kikanisa cha marumaru. Foleni inapita nyuma ya altare, na kila mtu anaweka kiganja kwenye bamba la jiwe, anatulia, anapita. Usimharakishe aliye mbele yako. Mara ya mwisho mbele yangu kulikuwa na mzee aliyeegemeza paji la uso kwenye jiwe, hatukusikia anachosema, na watu kama thelathini tulisimama kimya bila mtu kukohoa. Mama yangu alinipa picha ya mjukuu wake aliyekuwa mgonjwa. Niliiacha pamoja na mamia ya nyingine, za harusi, za ajali, za watoto.

Wakati unasubiri, tazama ukutani. Moja ya michongo ya marumaru inayokizunguka kikanisa ni ya Tullio Lombardo, ya 1525, na inaonyesha moyo wa bahili. Kisa chake ni hiki: tajiri mkopeshaji amekufa, Antoni anahubiri mazishini kwamba mahali hazina yako ilipo ndipo na moyo wako ulipo, watu wanapasua kifua cha maiti na kukuta hakuna moyo. Wanaukuta ndani ya kasha la pesa. Donatello alikichonga kisa hichohicho kwa shaba kwenye altare kuu, umati ukiwa umepigwa na butwaa kuzunguka maiti. Hapo ndipo darubini inapofaa, kwa sababu hukaribii altare ile.

Nyuma kabisa ya kanisa kuna kikanisa cha masalia. Mwaka 1263 walipofungua jeneza, mwili ulikuwa umebaki mifupa na vumbi, lakini ulimi ulikutwa haujaoza, nao umewekwa kwenye chombo kilichopakwa dhahabu. Wengine watalia, wengine watashtuka. Kama unasafiri na watoto waambie mapema, wasije wakauliza kwa sauti.

Jioni

Dakika tano kusini ni Prato della Valle, uwanja wa karibu mita za mraba 90,000, wenye mfereji wa duara yai na sanamu 78 kandokando ya maji. Vua viatu, lala kwenye nyasi, kila mtu anafanya hivyo. Kama bado una nguvu, katikati ya hapa na basilika kuna bustani ya mimea ya chuo, iliyoanzishwa 1545 na bado ipo palepale, yenye mti wa jamii ya mitende uliopandwa 1585. Jioni huwahi kufungwa, kwa hiyo anayependa mimea aende kabla ya kwenda kwa Mtakatifu.

Ukiwa na nusu siku tu, kata chuo, bustani na makumbusho. Scrovegni, Salone na Santo usivikate.

Sasa panda ile tramu, shuka Ponti Romani, urudi Piazza della Frutta. Jioni kuna kibanda kinachouza *folpi*, pweza wadogo wa kuchemsha. Mtu wa Forodhani atajisikia yuko nyumbani: wanakatwa mbele yako, wanamiminiwa mafuta ya zeituni, kitunguu saumu na majani ya parsley, na unakula umesimama kwa kijiti. Pilipili hakuna. Kama huwezi bila pilipili, ibebe mwenyewe kwenye kichupa. Mimi nilibeba, na muuzaji akaomba aonje. Alikunywa maji glasi mbili, akaniongezea mkia mmoja bure, akaniambia kesho nije tena na kichupa hicho. Stesheni ni dakika ishirini kwa miguu kutoka hapo, na treni za Venezia zinaendelea hadi usiku.